Mkuu wangu wa kazi, shemeji yangu na mbwa wangu wameniharibia uvuvi

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mtumishi katika ofisi moja jijini Mwanza, nina mke na watoto, na starehe yangu pekee kwa miaka kadhaa sasa ni kuvua kwa mshipi siku za Jumamosi asubuhi juu ya majabali ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya mji. Sivui kwa biashara. Nikipata sato wawili wa kutosha mchuzi wa nyumbani ninarudi nimeridhika, na nisipopata kitu ninarudi nimeridhika vilevile, kwa sababu kinachonipeleka hasa ni ule utulivu wa saa kumi na mbili asubuhi, wakati maji yametulia na hakuna mtu anayeniuliza jambo lolote.

Utulivu huo umetoweka, na ninakuandikia ili unishauri kabla mambo hayajawa mabaya zaidi.

Mwezi uliopita mkuu wangu wa idara, ambaye amehamia kwetu kutoka Dodoma, alinisikia nikizungumza habari za uvuvi wakati wa chai, akasema kwamba tangu utoto ametamani kushika ndoana na hajapata wa kumfundisha. Mtu hawezi kumkatalia mkuu wake mbele ya birika la chai. Kijana aliye ofisini kwetu kwa mafunzo ya kazi akadakia kwamba naye angependa kuja. Nilipofika nyumbani nikamkuta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amekuja kututembelea, na dada yake alikuwa amekwisha kumwahidi kwamba nitamchukua. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyewahi kuvua samaki. Wa nne alikuwa mbwa wetu, ambaye tukimwacha peke yake hubweka kutwa nzima hadi majirani wanakuja kulalamika, hivyo mke wangu aliamua kwamba naye aende akapunge upepo. Mbwa huyo alipewa jina na watoto wangu akiwa mdogo, nao walimwita Bosi. Ninaomba ulizingatie jina hilo.

Tulifika ziwani alfajiri, nikamkabidhi kila mmoja ufito wenye mshipi na ndoana yake, nami nikashika wangu. Ndoana ya kwanza ya shemeji haikufika majini kabisa. Aliurusha mshipi kwa nguvu za mtu anayefukuza nyani shambani, ukaenda nyuma badala ya mbele, ukanasa juu ya mkuyu ambako bado uko hadi leo. Ndoana ya pili ilinasa magugumaji. Ya tatu ilinasa kofia ya mkuu wangu, ikaivua kichwani kwa ustadi ambao shemeji asingeuweza hata kama angekusudia, ikaenda kuitua ziwani mbali na ukingo.

Mbwa alipoona kofia inaelea, akaruka. Nikapiga kelele: “Bosi! Rudi hapa mara moja! Bosi, nani amekutuma?” Mkuu wangu, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe bila kofia, akanigeukia na kuniuliza kwa upole amefanya kosa gani. Kabla sijapata la kujibu, mbwa alikuwa amekwisha kuikamata kofia na anarejea nayo huku akipita katikati ya mishipi yetu yote, nami nikajikuta nimesema tena, kwa sauti ya juu zaidi, “Bosi, acha upumbavu!” Kijana wa mafunzo alicheka mpaka akaketi chini, na sina hakika kama tathmini yake ya mwisho wa mafunzo itakuwa nzuri. Mbwa alipanda jabalini akiwa amevutavuta mishipi yote minne kuwa fundo moja, akasimama katikati yetu, akajikung’uta.

Sasa sikiliza habari ya chakula. Nilikuwa nimeandaa chambo cha ugali mgumu uliochanganywa na unga wa dagaa, nikakitia katika kopo la plastiki, na mke wangu alikuwa ametufungia chapati na mayai ya kuchemsha katika kopo linalofanana nalo kabisa. Wakati nimeinama nikifumua nailoni, mbwa alikula chapati zote pamoja na mayai na maganda yake, na shemeji, ambaye hakutaka kuonekana mlafi mbele ya mkuu wangu, alikuwa amekwisha kula nusu ya chambo kimyakimya akidhani ndicho kifungua kinywa. Alituambia baadaye kwamba aliona chumvi imepungua lakini aliona haya kulalamika. Nilipoinua macho nilimkuta mbwa amepanua mdomo mbele ya ndoana iliyovishwa ugali, nikaiwahi.

Mkuu wangu alibahatika kumpata kambare mrefu kama mkono wangu. Tukamlaza juu ya jiwe, tukamwona ametulia, tukamhesabu kuwa amekufa. Muda mrefu baadaye, mkuu alipokuwa amesimama kando yake ili apigwe picha, marehemu alianza kutambaa kuelekea majini. Mbwa akabweka, mkuu akarudi nyuma kwa mshtuko, akaketi ndani ya ndoo ya maji, na simu yake ilikuwa katika mfuko wa nyuma wa suruali. Kambare aliondoka bila kuharakishwa na mtu. Kijana naye alivua gogogo, akamshika kwa mkono mtupu, akachomwa na mwiba wake, na katika kuurudisha mkono kwa ghafla akajichoma ndoana katika kidole gumba. Shemeji alijaribu kuivuta itoke ilikoingilia, na kilio cha yule kijana kilisikika hadi mwaloni. Tulimpeleka zahanati, ambako muuguzi aliitazama ndoana, akatutazama sisi, kisha akauliza iwapo mtu aliyemvua ana leseni. Tuliporudi kuchukua vitu vyetu, wale korongo wakubwa wenye upara walikuwa wamemchukua sato wangu, ambaye ndiye samaki pekee aliyekuwa amebaki.

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Jumatatu mkuu wangu aliieleza ofisi nzima kwamba hajawahi kufurahi namna ile tangu ahamie Mwanza, na kwamba mwezi ujao tutakwenda tena, safari hii yeye na mkewe na watoto wao, pamoja na wakuu wawili wa idara nyingine. Nifanyeje, Mshauri? Nimkatae mkuu wangu? Mbwa nimwache nyumbani ili majirani wanichukie, au nije naye ili wakubwa wangu wanichukie? Jina lake nilibadilishe? Mke wangu naye anauliza kama mbwa anaweza kupewa samaki, kwa sababu tangu siku ile hataki tena ugali mtupu.

Mimi, Mvuvi wa Jumamosi, Mwanza

*

Marahaba, ndugu yangu Mvuvi wa Jumamosi.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kwa kicheko na mara ya pili kwa kalamu mkononi, na nilipomaliza mara ya pili nilikuwa nimepigia mistari maneno mawili: “nimeinama” na “nami nikashika wangu”. Unaandika kama mtu aliyeharibiwa asubuhi yake na wanafunzi watatu na mbwa mmoja. Mimi ninaona kwamba siku ile palikuwa na kazi mbili, kazi ya kuvua na kazi ya kufundisha, na wewe ulitaka kuzifanya zote kwa wakati mmoja. Chapati ziliisha ulipokuwa unashughulikia nailoni. Shemeji alikula chambo kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kopo lipi ni la nani. Gogogo alishikwa kwa mkono mtupu kwa sababu mtu pekee aliyejua kwamba gogogo ana miiba alikuwa anatazama mahali pengine. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na yote nitakayosema baada ya huu yanatokana nao: siku unayokwenda na wageni, mshipi wako ubaki nyumbani. Siku hiyo wewe si mvuvi, ni mwenyeji.

Jambo la pili linalofuata ni idadi. Mtu mmoja anayejua hawezi kuwaangalia wanafunzi zaidi ya wawili walio na ndoana mkononi, kwa hiyo hata wakija wanane, ziwe fito mbili tu na watu wapokezane kwa zamu. Anayesubiri zamu ana kazi nyingi za kufanya: kufinyanga chambo, kushika ndoo, kuwatazama wale korongo wenye upara ambao wamezoea mialo yetu kiasi kwamba hawamwogopi mtu. Fito zenyewe ziwe mianzi mirefu isiyo na gurudumu la kukunjia nailoni, na mshipi ufungwe nchani ukiwa na urefu unaolingana na mwanzi wenyewe au pungufu kidogo. Kwa mshipi wa namna hiyo mtu harushi kitu, anaushusha tu majini, na kofia ya mkuu wako ingekuwa salama. Kando ya majabali ya Mwanza maji huwa na kina cha kutosha hatua chache tu kutoka ukingoni, hivyo mwanafunzi hapotezi chochote kwa kutofika mbali. Siku watakapoanza kujifunza kurusha, kila mmoja asimame mbali na mwenzake kwa hatua kadhaa, atazame nyuma kwanza, kisha aseme kwa sauti “narusha” kabla ya kurusha. Tena wafunzwe mapema asubuhi, kwa kuwa upepo wa alfajiri hutoka nchi kavu kuelekea ziwani na kuusukuma mshipi mbele, ilhali kadiri jua linavyopanda upepo hugeuka ukatoka ziwani, na hapo hata fundi hurudishiwa ndoana yake usoni.

Kila ndoana itakayoshikwa na mgeni uibane kwa koleo hadi ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha, unaozuia samaki asichomoke, ulale. Utapoteza samaki wachache, ambao mwanafunzi angewapoteza hata hivyo, lakini ndoana iliyolazwa mwiba ikiingia kidoleni hutoka kwa njia ileile iliyoingilia bila kurarua nyama. Ile ya kijana wenu ilikuwa na mwiba wake kamili, na ndiyo maana juhudi za shemeji zilizidisha maumivu badala ya kuyapunguza. Ikitokea tena, kata mshipi, usiivute ndoana, ifunike kwa kitambaa safi ili isisukumwe zaidi, na umpeleke mtu zahanati, ambako watamkagua pia kama amekwisha kuchanjwa pepopunda. Ndoana iliyoingia karibu na jicho haiguswi kabisa na mtu yeyote asiye tabibu. Kwa sababu hiyo ninapenda kila mgeni avae kofia na miwani, hata kama miwani hiyo ni ya jua ya bei ndogo ya sokoni. Huyo muuguzi, kwa njia, nimempenda, na swali lake la leseni lisiishie kwenye utani: kabla ya kupeleka kundi kubwa, ulizia ofisi ya uvuvi kuhusu kibali cha uvuvi wa burudani, na upite kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi ufukweni, wa mwalo ulio karibu uwaeleze mko wangapi na mtakaa wapi. Wao ndio wanaojua mamba alionekana wapi mara ya mwisho.

Sasa, wavue nini? Hapa ninaona kosa la wavuvi wengi wazoefu, ambao hutaka mgeni aanze na sato au sangara kwa kuwa wao wenyewe huwapenda hao. Mgeni haendi ziwani kwa ajili ya mchuzi, anataka mshipi utikisike. Waelekeze kwenye furu, wale samaki wadogo wa miambani wanaodonoa chambo kila mara, ambao hata mtoto huweza kuwatoa majini. Wataalamu waliwahi kuhesabu zaidi ya aina 500 za furu katika ziwa letu, na nyingi kati yao zimepotea au zimeadimika baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Ukiwaeleza watoto wa mkuu wako habari hizo huku kila mmoja ameshika wa kwake mwenye rangi tofauti na wa mwenzake, utakuwa umewapa jambo la kusimulia shuleni kuliko mkia wa sangara. Furu hao warudishwe majini baada ya kutazamwa. Mwanafunzi alowanishe mikono kwanza kabla ya kumshika samaki atakayerudishwa, kwa kuwa mkono mkavu humtoa ule utelezi wa ngozi unaomkinga na magonjwa. Vilevile akitokea sangara asiyefika sentimita 50 au sato asiyefika sentimita 25, arudi alikotoka, hata kama aliyemvua ni mkuu wa idara, maana kanuni za uvuvi hazina kipengele cha vyeo.

Kambare wenu hakufufuka. Samaki huyo ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa, hivyo hukaa nje ya maji kwa saa nyingi maadamu ngozi yake ina unyevu, na anapotaka huenda kwa mapezi na mkia juu ya nchi yenye majimaji. Kumlaza juu ya jiwe hakumuui, kunampumzisha tu. Aliyekusudiwa kuliwa auawe mara moja kwa kugongwa kichwani, kwa kuwa ni huruma kwake na ni usalama kwenu, na asiyekusudiwa kuliwa arudishwe bila kungojea picha. Gogogo naye ana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na mingine miwili nyuma ya kichwa, mmoja kila upande, na akishikwa huisimamisha na kuifunga isiweze kulala. Mfunike kwa gunia lililolowana, mbane kwa koleo mdomoni, uchomoe ndoana. Aliyechomwa na mwiba huo aoshe jeraha na kuloweka mkono katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua, na mkono ukivimba aende kwa tabibu.

Nimeacha habari ya mbwa hadi sasa kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu. Wewe umeileta kama kichekesho, nami nilicheka, hadi nilipofika pale ulipomkuta amepanua mdomo mbele ya ndoana yenye ugali. Mbwa akiimeza ndoana, mtu wa kawaida hufanya mambo mawili ambayo yote ni ya hatari: huvuta mshipi, au humlazimisha mnyama atapike. Ndoana iliyo kooni au tumboni huchana kila inapovutwa. Unachotakiwa kufanya ni kuuacha mshipi utokeze mdomoni kiasi cha urefu wa mkono, kuufunga kwenye ukanda wa shingo ili asimeze uliobaki, na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana mshipi huo humsaidia daktari kuifikia ndoana. Hatari ya pili ni kule kuogelea. Ziwa Victoria lina mamba, na mbwa anayepiga maji kwa miguu yake karibu na ukingo ni mwito kwa mamba kuliko chambo chochote ulichowahi kuvisha. Kofia ya mkuu wako inanunuliwa dukani. Tena watu wasiingie majini kumfuata mbwa wala kofia, hasa penye majani na maji yaliyotulia, kwa sababu huko ndiko wanakoishi konokono wanaotoa vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini na huwa vingi kuelekea mchana jua linapokuwa kali. Aliyeingia siku ile aende akapimwe.

Je, aachwe nyumbani? Sioni lazima, mradi awe na mlinzi wake ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu, na shemeji anafaa kwa sababu wamekwisha kula pamoja. Afungwe kwa kamba imara chini ya kivuli, nyuma ya wavuvi lakini kando ya njia ya fito, akiwa na bakuli la maji. Asifungiwe ndani ya gari hata kwa dakika chache, kwani gari lililosimama juani huua mbwa upesi sana. Chambo kikae katika kopo lenye mfuniko wa kukaza, lililofungwa utepe mwekundu, na chakula cha watu kiwe kwenye kikapu kilichotundikwa mtini.

Jina lisibadilishwe. Mbwa mzima huchelewa kujifunza jina jipya, na watoto wako hawatakusamehe. Badala yake mfundishe mluzi: kila siku jioni, kwa wiki kadhaa kabla ya safari, piga mluzi wa aina moja na umpe dagaa mmoja kila anapokuja, mpaka mluzi peke yake utoshe kumrudisha kutoka upande wa pili wa uwanja. Ukiwa na wakubwa wako utapiga mluzi na hakuna atakayejiuliza anaitwa nani. Mkuu wako mwenyewe, kwa jinsi ulivyomweleza, ni mtu mwenye moyo mkunjufu, kwa kuwa alivuliwa kofia, akaitwa mpumbavu, akaketi ndani ya ndoo, akapoteza samaki wake, kisha akaomba kurudi. Watu wa namna hiyo hawakataliwi. Wanawekewa utaratibu, na kwa mkubwa wa kazi utaratibu huo huwasilishwa kama mpango wako wa kumhudumia vizuri, usiwe na sura ya sharti. Mwandikie hivi: “Shikamoo Mkuu. Nimefurahi kusikia kwamba utakuja na familia. Ili kila mmoja apate nafasi ya kuvua kwa usalama, nimepanga tuanze na wewe pamoja na mama na watoto Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wakuu wengine niwakaribishe mwezi unaofuata. Nitaandaa mianzi na chambo. Ninaomba watoto waje na jaketi okozi.” Hilo la mwisho usiliruke kwa kuona haya. Majabali yale huota utelezi pale yanapolambwa na maji, na mtoto aliyeteleza kwenye kina hapati muda wa kufundishwa kuogelea. Pangeni pia kuondoka mapema, muda mrefu kabla ya jioni, kwa sababu viboko hutoka majini kula majani giza linapoingia na hawapendi kukuta watu wamekaa kwenye njia yao.

Utaona kwamba katika ujumbe huo nimetaja Jumamosi moja tu ya mwezi. Zilizobaki ni zako, na mwenye kuzilinda ni wewe, kwanza kwa mke wako, ambaye kwa mujibu wa barua hii ndiye aliyekuongezea shemeji na mbwa. Mweleze wazi kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi utachukua yeyote atakayekuchagulia, na kwamba Jumamosi nyingine utakwenda peke yako na utarudi na mboga ukijaliwa. Majirani nao watavumilia ikiwa mbwa atatembezwa vizuri alfajiri kabla hujaondoka, kwa kuwa mbwa aliyechoka hulala.

Kuhusu swali la mama watoto: ndiyo, mbwa anaweza kupewa samaki, ila asipewe mbichi wala asipewe mifupa, kwa kuwa miiba ya samaki hukwama kooni na kuchoma utumbo. Achemshiwe minofu ya sato au dagaa bila chumvi, vitunguu wala pilipili, ichanganywe na ugali wake kwa kiasi, na apewe baada ya wageni kupakua.